Sisi Sote wa Kikuyu

Mwezi uliopita simu yangu ililia nikiwa napiga pasi nguo za kazini. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la majirani wa zamani wa mtaa wa Kikuyu, sisi tuliokulia pamoja kabla maisha hayajatutawanya. "Mama Pendo hatunaye. Amefia kwao Ihumwa, mazishi ni kesho." Chini yake watu walishaanza kupanga foleni: apumzike kwa amani, apumzike kwa amani, na vile vimikono vilivyokunjwa vya kuombea. Nami nikaandika herufi ya kwanza. Nikaifuta. Nikaandika tena, nikafuta tena, mpaka nikasikia harufu ya shati linaungua.

Nisiwadanganye, haikuwa majonzi. Maneno hayo matatu nilishamtakia mama yule zamani, akiwa mzima, ana nguvu za kubeba ndoo mbili kwa mpigo. Nilimtakia mbele ya mkoa mzima. Nilikuwa na miaka kumi.

Nyumba yetu na ya Mama Pendo zilitenganishwa na ua wa minyaa, ile mimea inayotoa maziwa yanayochoma macho. Katikati ya ua palikuwa na pengo, na kwenye pengo hilo mama yangu na Mama Pendo waliishi karibu nusu ya maisha yao. Jioni jua likipoa, mmoja alikaa upande huu kwenye kigoda, mwingine upande ule, wakachambua majani ya mlenda na kupitishiana chumvi, kiberiti na umbea. Walikuwa wamebeba mimba zao za kwanza msimu mmoja. Huku akazaliwa dada yangu Sechelela, kule akazaliwa Pendo. Mama alitaka Seche awe muuguzi. Mama Pendo alitaka Pendo aajiriwe bungeni. Si kuwa mbunge, alikuwa akifafanua, bali kuwa mmoja wa wale wadada wanaopita kwenye korido wamekumbatia mafaili, viatu vinalia ko, ko, ko. Aliigiza hata huo mlio kwa kugonga ungo.

Mabinti wote wawili walisoma darasa moja, wakafika kidato cha nne pamoja. Kila muhula matokeo yakitoka, Seche alikuwa mbele na Pendo nyuma yake. Mara namba moja na mbili, mara tatu na nne, lakini mpangilio haukubadilika. Mama Pendo alikuwa akitupongeza kupitia pengo. "Hongera, Mama Seche. Huyu wako ana kichwa." Kisha anachambua mlenda kwa vidole vya haraka kuliko kawaida.

Asubuhi moja Seche aliamka na malaria. Alijikokota mpaka kwenye minyaa akatapika, ameshika tumbo, na Mama Pendo alikuwa upande wa pili anafagia. Nilimwona akiacha kufagia. Hakusema pole. Alisimama tu na ufagio wake, akatazama, kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaangalia kama mwenyewe yupo karibu.

Homa ya Seche ilishuka baada ya siku tatu. Siku ya nne nilitumwa maji bombani, na nilipofika wale akina mama waliokuwa wakizungumza walinyamaza wote kwa pamoja. Mmoja akanisogezea ndoo yangu mbele ya foleni bila kuombwa. Nikadhani wamenionea huruma kwa sababu ndoo ilikuwa kubwa. Nyumbani nilimkuta mama ameketi chini, mgongo ukutani, anasema peke yake: "Wamemharibia jina mwanangu. Wamemharibia jina."

Nilikimbia chumbani. Nilitoa madaftari yote ya Seche chini ya kitanda, nikapekua jalada moja moja. Sechelela, Sechelela, Sechelela, kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia kulia. Hakuna lililochanika wala kuingia maji. Nikambebea mama rundo zima. "Mama, tazama, halijaharibika hata moja." Mama alinitazama, akavuta khanga akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilibaki nimesimama na madaftari, nimekasirika kwamba nimeleta habari njema na hakuna anayeifurahia.

Yaliyofuata nilikuja kuyaelewa vizuri nilipokuwa mkubwa. Mama Pendo hakuishia kusema bombani kwamba Seche ana mimba. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kwa miguu mpaka shuleni, akasema amekuja kama mzazi anayejali maadili ya mabinti. Shule yenyewe siitaji, na walimu wa wakati ule hawapo tena. Mwalimu mmoja alimtoa Seche darasani, akampanga na wasichana wengine uani, akamminya tumbo mbele yao wote. Akamwambia arudi nyumbani, asionekane mpaka aje na baba yake.

Baba alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali na siku hizo alikuwa safarini. Aliporudi, habari alizikuta gereji, kwa madereva wenzake, kabla hajafika nyumbani. Aliingia bila kuvua viatu.

"Funga sanduku," akamwambia Seche.

Mama akasimama mlangoni. "Baba Seche, mpeleke kwanza akapimwe."

"Nikampime ili niwe na karatasi ya aibu?"

"Mtoto alikuwa na malaria. Nimemwuguza mimi."

"Funga sanduku," baba akarudia, na hakumtazama hata mmoja wetu.

Kesho yake akampeleka kijijini kwa bibi yetu, mbele ya Buigiri, mtihani wa taifa ukiwa umebaki wiki chache. Nililia nimelala kifudifudi kwenye vumbi la uani mpaka mama akaja kunibeba kama gunia. Siku ya kwanza ya mtihani nilimwona Pendo akitoka kwao na rula mpya, na mama yake amesimama barabarani anasema kwa sauti ya mtaa mzima kusikia: "Mungu mtangulie mwanangu! Mungu mfungulie mwanangu!" Ndani, mama yangu alikuwa anapepeta uwele. Alipiga ungo kwa nguvu hata nusu ya uwele ikamwagika. Jioni ile alikata matawi ya miiba, akaliziba pengo.

Miezi ikapita. Habari kutoka kwa bibi zilisema Seche amekonda, anapalilia, anachota maji, na tumbo lake ni lile lile la kushikana na mgongo. Hakuna mimba. Haikuwahi kuwapo. Mama alingoja mtu aje kusema neno. Hakuja mtu. Bombani waliendelea kumsalimia kwa ile sauti laini inayotumika kwa wagonjwa.

Kisha matokeo yakatoka, Pendo akafaulu. Kwa Mama Pendo palichinjwa mbuzi, moshi ukavuka minyaa ukaja kujaa jikoni kwetu. Na siku mbili baadaye tukamsikia redioni.

Wa rika langu mnaikumbuka kadi ya salamu. Kile kikaratasi kigumu chenye mistari: Mimi, nukta nukta, nikiwa, nukta nukta, napenda kuwasalimu wafuatao, na chini kabisa, ujumbe. Ukishajaza unaitumbukiza kwenye kisanduku dukani, halafu unakaa na redio siku nzima kungoja jina lako. Baba alikuwa mtu wa salamu hasa. Alikuwa na rundo la kadi kwenye droo yake, na madereva wote wa barabara ya kwenda Iringa walimjua kwa salamu zake. Saa kumi jioni mtangazaji wa redio ya pale mjini alizisoma kwa sauti nzito yenye asali.

Siku ile akasoma: "Mimi ni Mama Pendo, nikiwa nyumbani kwangu Kikuyu, namsalimu binti yangu Pendo kwa kufaulu mtihani wake. Ujumbe: hongera mwanangu, wenye macho wameona."

Mama alizima redio. Mimi ndiye niliyebaki nayo ile sauti kichwani.

Lazima niwaeleze nilivyokuwa nikimwelewa mtangazaji yule. Huyo huyo aliyesoma salamu saa kumi ndiye aliyesoma matangazo ya vifo saa saba mchana. Nami nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kilio huanza baada ya yeye kusoma. Mzee wa nyumba ya kona alikuwa hospitali tu, mtaa uko kimya. Mtangazaji akataja jina lake, akasema apumzike kwa amani, na hapo hapo nyumba ya kona ikalipuka kwa kilio. Ilitokea hivyo zaidi ya mara moja. Kwa akili yangu ya miaka kumi, hesabu ilikuwa wazi. Mtu hafi mpaka yule bwana aseme. Na akikutakia mema saa kumi, unayapata. Si alikuwa amewatakia wanafunzi mtihani mwema, na Pendo akafaulu? Seche hakuwa shuleni siku ile, ndiyo maana hayakumfikia.

Nilichukua kadi moja kwenye droo ya baba. Niliijaza nimelala chini ya kitanda, kwa herufi kubwa za kuchapa ili nisijulikane. Kwenye Mimi nilifikiri sana. Nikiandika jina langu nitachapwa. Nikiandika la mama, atachapwa mama. Isitoshe niliona mtu mmoja ni mdogo kwa kazi kubwa namna ile. Nikaandika: SISI SOTE WA KIKUYU. Kwenye wanaosalimiwa nikaandika: MAMA PENDO WA KARIBU NA BOMBA, NA JAMAA ZAKE WOTE WA IHUMWA. Kwenye ujumbe nikaandika yale maneno matatu, nikayapigia mstari.

Niliitumbukiza kisandukuni siku ya Jumatatu. Jumanne nilikutana na Mama Pendo njiani, ametoka kwao Ihumwa na kikapu cha zabibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi hunitazami?" Akatoa kishada kikubwa cha zabibu nyeusi, akakiweka mikononi mwangu. "Kula. Na mama yako umpe."

Mama sikumpa. Nilizila zote peke yangu, nyuma ya choo, nikatemea mbegu ukutani. Zilikuwa tamu sana. Nia yangu haikutikisika hata kidogo. Nilikuwa namtazama kila alipopita na kumwambia moyoni: bado siku chache, furahi.

Jumatano kadi haikusomwa. Alhamisi na Ijumaa pia. Jumamosi saa kumi, mama alikuwa kwenye mkeka anapepeta, redio dirishani, na mimi nimejibanza mlangoni. Mtangazaji alisoma kadi mbili tatu za kawaida, akacheka kidogo, akachukua nyingine. Hapo sauti yake ikashuka, ikawa ile ya saa saba.

"Loo. Ndugu msikilizaji, hapa nina kadi ya huzuni. Wakazi wote wa Kikuyu wanawapa salamu jamaa wa Mama Pendo, Mama Pendo wa karibu na bomba, hasa wale walioko Ihumwa. Wanasema apumzike kwa amani. Poleni sana wafiwa." Akaweka wimbo wa kwaya, wa polepole.

Nilingoja kilio. Nilijua huanza hapo hapo. Lakini kwa Mama Pendo palikuwa kimya. Mlango ulikuwa na kufuli, mume wake alifanya kazi migodini, Pendo alikuwa amekwenda kumwona bibi yake Ihumwa. Mtaani nako kilio hakikuanza. Nilisikia mwanamke mmoja akisema barabarani, "Jamani, asubuhi si nimemwona? Labda amegongwa." Na mwingine akajibu, kwa sauti ya chini lakini nikasikia: "Mdomo wake nao ulikuwa wa kumponza."

Nikamgeukia mama. Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwake. Alikuwa ameinua uso kuelekea dirishani, na uso ule sijawahi kuusahau, kwa sababu ulikuwa mzuri. Makunyanzi ya miezi yote yalikuwa yamefunguka. "Amesikia," akasema. Kidogo sana, kwa mdomo tu. Hapo nikajua kwamba sikuwa peke yangu. Mama naye alikuwa akituma kadi zake, kila siku, mahali pengine, kule juu.

Kisha akashtuka, akaniona, uso ukafunga. Akachukua khanga. "Twende tukawalilie," akasema.

Giza halijaingia, gari la mizigo likaja kutoka Ihumwa limejaa watu. Kulikuwa na wanawake waliofunga khanga viunoni, gunia la unga, kuni, na kaka yake Mama Pendo, mwanamume mrefu, ameshika sururu ya kuchimbia kaburi. Pendo alishuka akaanguka pale pale chini ya gurudumu, akajigaragaza kwenye vumbi. Nilimtazama. Na mimi nililia hivyo hivyo, nikawaza, na wewe ulikuwa na rula mpya. Bibi yake, mama mzazi wa Mama Pendo, walimshusha kwa kumbeba. Alikuwa akiita jina la utotoni la mwanawe kwa Kigogo, tena na tena, kama anamwita aje kula. Uani kwa Mama Pendo majirani walikuwa wameshajaa, na aliyelia kwa sauti kuliko wote alikuwa mama yangu. Nilishindwa kuelewa. Nilimvuta khanga nikamwuliza, "Mama, unaumwa?" Akanifinya nikae kimya.

Hapo ndipo Mama Pendo alipotokea.

Alikuwa ametoka mashineni kusaga. Foleni ilikuwa ndefu na siku ile mashine ilikuwa ikimwaga unga kila upande, kwa hiyo alikuja na debe kichwani na mwili mzima mweupe: nywele, kope, mikono, miguu. Alipita kwenye kona polepole, peke yake, jua likiwa nyuma yake. Mwanamke wa kwanza kumwona alipiga ukelele uliokatika katikati. Watu wakatawanyika. Mmoja aliingia kwenye minyaa. Bibi alimtazama mwanawe, akalegea, akaanguka mikononi mwa watu. Mimi nilijua kabisa kwamba amekufa na huyu ni mfu, amekuja kutafuta nani aliandika. Nilijikojolea nikiwa nimesimama.

"Kuna nini hapa kwangu?" mfu akauliza. "Nani amekufa?"

Kaka yake akaishusha sururu taratibu.

"Wewe," akasema. "Umetangazwa redioni."

"Mimi?"

"Saa kumi. Tumesikia kwa masikio yetu."

"Nimetangazwa na nani?"

"Imesemwa ni salamu kutoka kwa watu wote wa Kikuyu."

Mama Pendo alitua debe. Pendo alikuwa ameshamkimbilia na kumkumbatia miguu, lakini yeye alikuwa akitutazama sisi majirani, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa aliangalia chini. "Wote?" akauliza. Akafika kwa mama. "Hata wewe, Mama Seche?"

Mama alikuwa bado ana machozi mashavuni. Aliyafuta kwa kiganja, bila haraka.

"Hiyo kadi sikuiandika mimi," akasema. "Lakini wangeniletea niweke sahihi, ningeweka."

"Mama Seche!"

"Ningeweka, Mama Pendo. Wewe umetangazwa saa kumi, na kabla jua halijazama watu wamekuja kuhakikisha. Wamekuja na gari, wamekuja na unga. Wamekukuta mzima, wanashukuru. Mwanangu ulimtangaza bombani, ukamtangaza na shuleni. Nani alikuja kumtazama? Nani alikuja kusema, loo, kumbe si kweli? Miezi yote hii anapalilia uwele, tumbo lake tupu, na wewe unachinja mbuzi."

Bibi alikuwa amemwagiwa maji, ameketi kwenye mkeka. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza, alikisema neno kwa neno, akipumzika katikati. "Huyu mama anasema nini? Mwanangu, ulifanya nini?"

"Mama, haya ya zamani..."

"Ulifanya nini?"

Unga ulikuwa umeanza kupasuka usoni pa Mama Pendo, jasho likipita. "Nilimwona mtoto anatapika," akasema.

"Ukamwuliza?"

"Hapana."

"Mama yake, ukamwuliza?"

"Hapana, mama."

"Ukaenda kusema ana mimba." Bibi akapumzika. "Yule mtoto, ulikuwa unamtakia nini?"

Mama Pendo alitazama chini, kwenye kichwa cha Pendo kilichokuwa magotini pake. "Sikumtakia kitu," akasema. "Nilikuwa namtakia Pendo."

Pendo aliachia miguu ya mama yake. Alirudi nyuma akiwa amekaa, kama mtu aliyeshika chungu cha moto. "Mimi sikukutuma," akasema. "Mama, mimi sikukutuma."

Bibi hakurudi Ihumwa siku ile. Kesho yake alfajiri, wakati wa foleni ndefu kuliko zote, alikwenda bombani na mwanawe, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwamuru aseme. Mama Pendo alisema mbele ya wote: kwamba Sechelela hakuwahi kuwa na mimba, kwamba ni yeye aliyelianzisha, kwamba hakujua lolote. Maji yalikuwa yakifurika kwenye ndoo za watu na hakuna aliyefunga bomba. Shuleni alikwenda pia. Sijui alisema nini huko. Hakuna mwalimu aliyekuja kwetu. Mtangazaji naye aliomba radhi redioni, akasema Mama Pendo wa Kikuyu ni mzima wa afya, nami niliposikia nikadhani amemfufua rasmi.

Mama aliijua kadi ile imetoka wapi. Hakuniuliza. Lakini jioni ya Jumapili, alipopakua ugali, aliubandua ukoko wote wa sufuria, ule tuliokuwa tukiugombania siku zote, akauweka kwenye sahani yangu. Akanitazama nikiutafuna mpaka mwisho.

Watu wakafikiri mambo yameisha. Mimi niliyekuwa mtoto wa jirani niliona kwamba kwa Mama Pendo hayakuisha. Lile la mimba alilitubu, likapita. Lililomtafuna ni lile neno "wote". Alianza kwenda bombani mchana wa jua kali, wakati hakuna watu. Dukani alipokea chenji akimchunguza muuzaji usoni. Kanisani alihamia benchi la nyuma, ambako hakuna mtu wa kumtazama kisogoni. Alikuwa akitafuta nani na nani, na kwa kuwa kadi ilisema wote, hakuweza kumwondoa hata mmoja. Mwaka uliofuata alifunga mizigo akahamia Ihumwa. Siku anaondoka nilisimama kwenye minyaa nikimtazama anavyopakia vigoda. Sentensi moja tu ya kwangu ingemwondolea mzigo ule: mama, ni mimi, nilikuwa peke yangu. Nilikuwa na umri wa kuelewa hilo. Miaka yote iliyofuata nilikuwa na umri wa kuelewa hilo, na Ihumwa si mbali. Sikwenda. Nisiseme niliogopa. Nilitaka abaki nalo.

Seche baba alimfuata mwenyewe. Alirudi naye wiki ile ile ya tangazo, amelibeba sanduku kichwani, mwanamume mzima, akipita nalo mtaa mzima badala ya kushukia mlangoni. Samahani hakuwahi kuisema kwa mdomo. Seche alirudia mtihani baada ya muda, akafaulu kwa kiasi chake. Uuguzi haukuwezekana, leo ana duka la dawa za mifugo na anaheshimika na wafugaji mpaka Hombolo. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku aliyorudi alikuwa msichana mwenye viganja vigumu, aliyekaa ukingoni mwa kitanda chetu kama mgeni, na mimi nilikuwa nimengoja wiki nzima kumpa zawadi yangu.

Nilifunga mlango. Nikamwambia yote: droo ya baba, chini ya kitanda, kisanduku cha dukani, sauti ya mtangazaji, unga, bibi, bombani. Nilimwigizia hadi kilio cha mama. Nilingoja acheke, au anikumbatie. Alisikiliza akivuta uzi kwenye shuka.

"Kwa hiyo ulikuwa unaamini," akasema polepole, "kwamba yule bwana akisoma kitu, kinatokea."

"Ndiyo."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Akisoma tu."

Aliendelea kuvuta ule uzi mpaka ukakatika.

"Sasa mbona hukuandika nirudi?"

Nilifungua mdomo. Nje mama alikuwa anatuita tukale. Nilitafuta jibu kwa bidii, nikarudi chini ya kitanda, kwenye kadi ile na mistari yake mitupu, na kalamu mkononi, na kila kitu duniani cha kuchagua; na huko sikulikuta jina la dada yangu. Halikuwa limenijia hata mara moja.